Kasoro za Kununua na Kasoro za Kuogopa

Mtu akiniomba ushauri anunue lenzi gani ya zamani, mimi humuuliza kwanza anahariri picha zake kwa programu gani. Wengi hushangaa, kwa sababu wamezoea kuyaona mambo hayo mawili kuwa ni kambi mbili zinazogombana: kambi ya wapenzi wa vioo na vyuma vya karne iliyopita, wanaodai kuwa kompyuta imeharibu upigaji picha, na kambi ya wanaokesha mbele ya skrini wakiamini kuwa lenzi yoyote inatosha maadamu vitelezi vya kurekebishia picha kwenye programu vipo. Kwa ninavyoona mimi, lenzi kuukuu haijapata kuishi vizuri kama inavyoishi leo, na aliyeipa maisha hayo ni kompyuta. Zipo kasoro ambazo zamani zilimfanya mtu aitupe lenzi kabatini, na sasa zinaondoka kwa dakika moja. Zipo nyingine ambazo programu haiwezi kuziiga sawasawa, na hizo ndizo tunazozitafuta kwa pesa zetu. Halafu lipo kundi la tatu, la kasoro ambazo hakuna kompyuta wala fundi wa kuziponya, na kwa sisi tunaoishi kando ya bahari, hizo ni nyingi kuliko wauzaji wa mtandaoni wanavyokubali kusema.

Nayaandika haya katikati ya kaskazi, msimu ambao kwetu Unguja ndio hasa wa mazungumzo ya namna hii. Kuanzia Disemba mpaka Machi joto halimruhusu mtu kukaa ndani, mwanga ni mwingi, na baada ya sala ya alasiri sisi wachache tunaopenda kamera hukutana Forodhani, bustani ya ufukweni, kila mmoja na mkoba wake, tukapiga picha mpaka jua linazama kisha tukakaa kubishana. Hakuna hata mmoja wetu anayekula kwa kamera. Yupo mwalimu wa fizikia tunayemwita Maalim, yupo fundi saa mstaafu, yupo muuguzi ambaye zamu zake za usiku humwachia jioni nyingi kuliko sisi, na mimi ambaye mchana kutwa nipo kwenye hesabu za ofisi. Simu zinazopiga picha nzuri kuliko kamera zetu zimo mifukoni mwetu wote, na hilo halituumizi kichwa.

Lenzi tunazozizungumzia zaidi ni zile za hesi, yaani zinazokazwa kwenye kamera kwa kuzungushwa. Upana wa hesi hiyo ni milimita 42, na ndiyo maana huitwa M42. Ilianza kujulikana mwaka 1949 kwa kamera ya Contax S iliyotengenezwa Dresden, kisha ikaenea Ujerumani Mashariki, Urusi ya Kisovieti, Japani na kwingineko, kwa sababu kiwanda chochote kingeweza kuichonga bila kuhitaji mitambo ya ajabu. Matokeo yake ni kwamba lenzi ya Krasnogorsk na lenzi ya Tokyo zinaingia kwenye mwili mmoja wa kamera, jambo ambalo watengenezaji wa leo hawalitaki hata kidogo.

Kilichozifufua ni kamera za kidijitali zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Kila mfumo wa kamera una umbali wake maalumu kutoka kwenye chuma kinachoshika lenzi hadi kwenye filamu au kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kwa M42 umbali huo ni milimita 45.46, na kwa kamera za Sony za mlango wa E ni milimita 18 tu. Tofauti ya milimita 27.46 inajazwa na adapta, ambayo ni bomba tupu la chuma lisilo na kioo chochote ndani, na ndiyo maana haiharibu picha. Aliye na kamera ya zamani ya Nikon ya mlango wa F hana bahati hiyo, kwani umbali wake ni milimita 46.5, na lenzi ya M42 ikikaa hapo inakuwa mbali mno na kihisi kuweza kuiona meli iliyo baharini kwa uwazi, isipokuwa adapta yake iwe na kipande cha kioo, na vioo vya adapta za bei rahisi ni balaa tupu. Tahadhari nyingine inahusu bomba lenyewe: adapta nyingi huchongwa fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, ili lenzi isikose kufika mbali, kwa hiyo ukizungusha pete ya fokasi mpaka mwisho wake unakuwa umeshaipita ngalawa uliyokusudia kuipiga. Anayepiga picha za resi za ngalawa asiamini alama ya mwisho wa pete. Akuze picha kwenye skrini ya kamera na kuhakikisha kwa macho yake.

Lenzi ninayoitumia mimi kwa sehemu kubwa ni Helios 44-2, ya milimita 58 na tundu la f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu linapitisha mwanga mwingi zaidi). Haina ugeni wowote. Ilikuwa ikiuzwa pamoja na kamera za Zenit, na Zenit-E peke yake ilitengenezwa zaidi ya milioni tatu, ndiyo maana mpaka leo zinapatikana mtumba kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu. Umbo lake la vioo sita katika makundi manne limetokana na Biotar, lenzi iliyobuniwa na Willy Merté wa kampuni ya Carl Zeiss kabla ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita michoro na mitambo mingi ya Jena, mji wa Zeiss, ilichukuliwa na Wasovieti kama fidia, na mwisho wa miaka ya 1950 kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikawa kinatoa Helios.

Jambo la kwanza analogundua anayeishika ni kwamba ina pete mbili za tundu. Pete ya mbele inaweka kikomo na hulia kila inapopita namba. Pete ya pili haina mlio. Inateleza kutoka tundu wazi kabisa mpaka kwenye kikomo ulichokiweka. Enzi za filamu, mpigapicha alifungua tundu ili aone vizuri wakati wa kufokasi, kisha akalifunga kwa kidole bila kuondoa jicho. Leo pete hiyo isiyo na mlio imekuwa neema kwa wanaopiga video, na kwa vile majani ya tundu hayasukumwi na springi, mafuta yakiyafikia hayayasimamishi kazi. Hilo la mafuta nitalirudia.

Vijana wa makachu ndio mtihani wangu wa kila jioni. Wasiofika Forodhani siku nyingi huenda hawawajui: ni wale wanaokuja mbio kutoka bustanini, wanakanyaga ukingo wa ukuta na kujirusha baharini kwa mapindu ya kila namna, mmoja baada ya mwingine, huku umati ukipiga makofi. Mtu mwenye kamera ya kisasa atakwambia kuwa mchezo kama huo unahitaji fokasi ya kiotomatiki. Mimi sikubaliani naye, kwa sababu anayeruka makachu anarukia pale pale alipopiga mwenzake. Naweka pete kwenye mita 5, tundu kwenye f/8, shata kwenye 1/1000 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, naipandisha mpaka 800 jua linapoinama. Kwa kamera yangu, ambayo kihisi chake ni kile kidogo cha APS-C, kila kilicho kati ya mita 4 na mita 6 na nusu hivi kinatoka wazi, na ninachobakiwa nacho ni kutazama mwili wa mtu hewani na kubonyeza kwa wakati wake. Kamera haitafuti kitu, kwa hiyo haichelewi. Nimeona watu wenye lenzi za bei ya pikipiki wakipata picha safi ya meli iliyotia nanga nyuma ya kijana aliyegeuka ukungu.

Na jua lenyewe liko mbele yetu, kwa kuwa Forodhani inatazama magharibi na mwezi wa Januari linazama kwenye saa moja kasorobo. Hapo ndipo Helios inapoonyesha tabia yake. Vioo vya zamani vimepakwa tabaka moja jembamba la kuzuia mng'ao, si matabaka mengi kama ilivyo sasa, na mwanga unaoingia kwa mbele unagonga kioo hiki na kile, unarudi nyuma, unazunguka ndani ya bomba, na mwisho unaiangukia picha nzima kama utaji. Weusi unakuwa kijivu, na maji yanapoteza makali yake. Ukiipiga miti ya bustanini kwa tundu la f/2, nyuma ya uso wa mtu vidoa vya mwanga vinavyopenya kwenye majani vinapangika kwa kuzunguka, vile vya pembeni vikibanwa umbo la yai. Sababu yake ni ya kimaumbile: mwanga unaokuja kwa upande unakatwa na ukingo wa lenzi, na kadiri unavyosogea mbali na katikati ndivyo kidoa kinavyozidi kubanwa. Mzunguko huo uko pembezoni, kwa hiyo mwenye kihisi kidogo kama changu anaupata nusunusu. Mwenye kihisi kikubwa, sawa na fremu ya filamu, ndiye anayeupata wote.

Hapa ndipo ugomvi wetu wa programu unapoanzia. Maalim huendesha darktable, programu huria ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 na ambayo haidai senti kwa mtu, na amenivuta na mimi nikaifuata. Muuguzi anapenda RawTherapee, ambayo nayo ni huria, kwa sababu ameizoea na kompyuta yake ya mkononi ni ya siku nyingi. Fundi saa hahariri; humpa mjukuu wake. Zile programu za kulipia kila mwezi kwa dola zina wapenzi wake na sina ugomvi nazo, lakini kwa jambo tunalofanya kama burudani, kadi ya benki inayokatwa kila mwezi, hata masika usipopiga picha hata moja, ni mzigo usio na sababu.

Utaji ule wa mwanga ni kasoro ya kundi la kwanza, ya kuondoka. Ukilifungua faili ghafi la picha iliyopigwa kuelekea jua, utaona histogramu yake, yaani grafu ya giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia, imejikusanya katikati na upande wa kushoto umebaki mtupu, maana yake hakuna weusi wa kweli mahali popote. Wengi hukimbilia moduli ya kuondoa ukungu. Ukungu wa angani huongezeka kadiri kitu kinavyokuwa mbali, na moduli ile imejengwa juu ya dhana hiyo. Utaji wa ndani ya lenzi haujali umbali, umemfunika kijana wa mbele na meli ya nyuma kwa kiasi kinachokaribiana. Dawa yake ni kuisogeza nukta ya weusi mpaka histogramu iguse ukuta wa kushoto, basi, kisha ndipo uangalie rangi. Nikifanya hivyo kontrasti inarudi karibu yote, na bado mduara hafifu wa mwanga uliobaki kuzunguka jua unakaa pale pale, na huo ndio nilioununua. Kontrasti ya mahali kwa mahali naitumia kwa uchoyo, kwa kuwa inaifanya ngozi yenye maji ya chumvi ionekane imechongwa kwa mawe.

Kundi la kwanza lina mengine pia. Ule mstari wa zambarau unaojitokeza kwenye ncha za makuti ya mnazi yaliyopigwa juani kwa tundu wazi, RawTherapee na darktable zote zina kifaa cha kuufuta. Giza la pembeni ni suala la kitelezi kimoja. Mistari iliyopinda haiisumbui Helios kwa kiasi cha kutaja. Kwa hiyo muuzaji akisema lenzi yake ina zambarau kidogo kwenye f/2, hilo lisimtishe mnunuzi. Amwombe punguzo na achukue.

Lakini ule mzunguko wa vidoa, programu haiwezi kuutengeneza ukaaminika. Kompyuta iliyopewa picha bapa haijui jani lipi liko mita 3 na lipi liko mita 30, kwa hiyo inatia ukungu kwa kubahatisha, na hubahatisha vibaya zaidi kwenye ncha za ushungi, kwenye nywele, na kwenye nafasi iliyo kati ya mkono na kiuno. Muuguzi aliwahi kuniletea picha yenye mzunguko wa kutengenezwa na nyingine ya Helios akitaka nizitofautishe, na nilitazama sikio la mtu tu. Mwanga uliopita kwenye kioo umeshapima umbali wa kila kitu kabla haujafika kwenye kihisi.

Ubishi mkubwa wa msimu huu, hata hivyo, haukuhusu Helios. Unahusu Super-Takumar ya milimita 50 na tundu la f/1.4 ya muuguzi, lenzi ya kampuni ya Asahi ya Japani. Jina Takumar, kwa anayependa mambo hayo, limetokana na Takuma Kajiwara, mpigapicha aliyehamia Marekani, ndugu wa mwanzilishi wa kampuni. Toleo la pili la lenzi hiyo, lenye vioo saba, lina kioo kilichochanganywa na thoriamu, madini yenye mionzi, kwa sababu kioo cha namna hiyo hupinda mwanga sana bila kuzitawanya rangi. Hatari yake kwa anayepiga picha tu ni ndogo, ila mtu asithubutu kukisaga wala kukivunja. Tatizo ni kwamba mionzi hiyo, kwa miaka mingi, hukibadilisha kioo chenyewe, kikawa na rangi ya chai, na Takumar ya muuguzi ilipofika ilikuwa chai iliyokolea.

Maalim alisema hilo ni jambo la kompyuta. "Weka mizani ya rangi nyeupe," alisema, "njano imeondoka, unataka nini tena?" Muuguzi akajibu kuwa ataiponya kwa jua, kama wanavyofanya wengi, kwa kuwa mwanga wa urujuanimno hurudisha kioo hicho kwenye hali yake. Akaiweka dirishani, kifuniko cha nyuma kimetolewa, karatasi ya aluminiamu imetandikwa chini yake ili mwanga upite mara mbili, na kila siku chache akawa anaipiga picha juu ya karatasi nyeupe.

Mimi niko upande wa muuguzi, na hoja yangu haihusu uzuri. Kioo cha njano kinazuia mwanga wa buluu usifike kwenye kihisi. Ukisawazisha rangi kwenye kompyuta, unachofanya ni kuipandisha chaneli ya buluu iliyopokea mwanga kidogo, na pamoja nayo unapandisha chembechembe zake zote. Mchana huzioni, lakini kwenye picha ya saa mbili usiku, penye taa za wauza pweza na mishikaki, anga inajaa vumbi la buluu. Juu ya hapo, mwanga uliozuiwa ni mwanga uliopotea, na mtu aliyenunua f/1.4 hakuinunua ili apate kitu kinachokaribia f/2. Lakini jua la kaskazi nalo lina mambo yake. Lenzi iliyo wazi pande zote mbili ni kioo cha kuwashia moto, na pazia lililo kwenye njia ya mwanga linaweza kuungua hakuna mtu nyumbani. Joto likizidi, grisi ya ndani inayeyuka. Kwa sababu hiyo nilimshauri aiweke asubuhi na aiondoe kabla ya adhuhuri, na mpaka sasa karatasi yake ya majaribio imeshatoka kwenye chai na kuingia kwenye rangi ya pembe.

Grisi iliyoyeyuka ndiyo inayonirudisha kwenye mafuta. Fundi saa ana Pentacon ya milimita 50 na tundu la f/1.8 aliyoipata kwa mjomba wake aliyesomea Leipzig. Lenzi za Ujerumani Mashariki kuonekana Unguja si jambo la ajabu: Zanzibar iliitambua nchi hiyo mwaka 1964, na majumba ya Kikwajuni na Michenzani yanatosha kueleza uhusiano ulivyokuwa. Ni lenzi nzuri yenye kufokasi karibu mno, mpaka sentimita 33, lakini majani yake ya tundu husukumwa na springi, na kwa joto letu grisi ya fokasi hutambaa mpaka ikayafikia, yakanatana, tundu likabaki wazi hata ukiweka f/11. Yeye aliifungua kwa bisibisi zake za saa, akayafuta majani kwa spiriti, akairudisha, na inafanya kazi. Kwa asiye na mikono ya fundi saa, mafuta kwenye majani ni sababu tosha ya kuiacha lenzi dukani.

Sababu iliyo kubwa zaidi ni fangasi, na kwa hili sina mzaha hata kidogo. Chukua lenzi, fungua tundu lote, tia tochi ya simu kwa nyuma na utazame kwa mbele ukiwa umeinamisha lenzi kidogo. Vumbi si kitu. Lenzi yoyote ya miaka hamsini ina vumbi na halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zenye matawi, zinazoanzia ukingoni mwa kioo na kutambaa kuelekea katikati. Ukiziona, fangasi huyo anatoa asidi inayokula tabaka la kioo, na hata akiuawa na kufutwa, njia alizopita hubaki zimechorwa milele. Kuna picha ambazo huoni uharibifu wake, kisha siku moja unaelekeza lenzi kwenye jua la Forodhani na nyuzi zote zinawaka. Kasoro ya namna hii haina kitelezi, kwa kuwa mwanga umetawanyika kwa namna isiyolingana kutoka kona moja ya picha hadi nyingine.

Fangasi anataka unyevu, giza na hewa isiyotembea, na sisi vyote hivyo tunavyo kwa wingi, hasa masika. Mikoba ya ngozi iliyokuja na lenzi, japo ni ya kupendeza, ndiyo makao yake ya kwanza. Itoe, ihifadhi mahali pengine au mpe mtu. Sanduku la gharama kubwa la umeme si lazima. Chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, chenye kifuniko kinachobana, pamoja na punje za silika jeli za kutosha na kipimo kidogo cha unyevu, kinafanya kazi ile ile. Mimi hulenga asilimia 40 mpaka 50. Chini sana ya hapo grisi inakauka, na juu ya 60 fangasi anaanza kupata nafasi. Punje zikibadilika rangi zinakuwa zimeshiba maji, na hurudi kwa kukaushwa motoni polepole, kwenye sufuria isiyopikiwa, kwani zile za buluu zina kemikali ya kobalti ambayo ni sumu. Mchele, ambao kila mtu anaushauri, huacha vumbi la wanga, na wanga ni chakula cha huyo huyo unayemkimbia. Zaidi ya yote, zitumie lenzi. Iliyo kazini kila jioni ya kaskazi inapata hewa na mwanga, na sijaona fangasi ndani ya lenzi inayotoka nje kila wiki.

Siku ambazo upepo umechafuka na vijana hawaruki, tunaingia ndani ya Mji Mkongwe, mpaka Jaws Corner, penye kahawa, bao na dhumna. Pale napiga kwa f/2.8 kutoka karibu, mikono ya wachezaji zaidi kuliko nyuso, na sipigi kabla sijakaa, nikatoa salamu na kunywa kikombe. Wazee wa pale wanazijua kamera. Mji huu una studio ya Capital Art aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, na kuna familia nyingi ambazo picha zao za harusi na za vitambulisho zilipigwa hapo. Mtu wa namna hiyo akikuuliza lenzi yako ni ya nini, anataka jibu la maana. Mmoja aliishika Helios yangu, akazungusha pete ile isiyo na mlio mara mbili tatu, akasema, "Hii inatia raha mkononi," kisha akarudi kwenye dhumna zake na kumshinda mtu niliyekuwa nimemtilia dua.

Limebaki jambo moja ambalo bado tunalivutania, nalo ni kumbukumbu. Lenzi ya hesi haina waya wala umeme, kwa hiyo kamera haijui kama ina lenzi. Lazima kwanza uiruhusu kupiga bila lenzi, la sivyo kitufe hakibonyezeki, na kama mwili wa kamera una kifaa cha kutuliza mtikisiko, unapaswa kuiandikia kwa mkono kuwa leo ni milimita 58, ama sivyo itatuliza kwa kipimo cha lenzi ya jana na kuiharibu picha. Hata ukifanya yote hayo, namba ya tundu haiandikwi popote. Maalim hutumia ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey, na kwa amri moja huandika jina la lenzi ndani ya picha zote za jioni. Fundi saa ana daftari. Muuguzi anasema anazitambua kwa macho, na kwa picha za kuelekea jua ni kweli anazitambua, ila kwenye f/8, mchana, Helios, Takumar na Pentacon zinafanana kiasi cha kumfanya mtu aape uongo bila kujua. Tumekubaliana kuwa kuanzia sasa kila picha inayotumwa kwenye kundi letu la simu iwe na jina la lenzi na namba ya tundu, na isiyokuwa nayo haitajadiliwa, hata ikiwa nzuri namna gani.